Bi Umaima Aliyeivuruga Hojaji

Ukitaka kifungo cha kanzu hapa Kuze, katika Mji wa Kale, utakwenda kwa Bi Umaima. Ukitaka kujua kanzu yenyewe yashonewa harusi ya nani, utakwenda kwa Bi Umaima vilevile, na jawabu utapewa hata kama hukuuliza. Duka lake ni dogo, wateja wawili wakiingia wa tatu husubiri kichochoroni, lakini nyuzi zimo za kila rangi, na lesi, na zipu, na mwenyewe amekaa katikati na rida yake ya waridi, lile vazi la wanawake wa Kibohora, mdomo haujapumzika tangu asubuhi. Mumewe, Bwana Ghulam, husema kwamba alioa mke akapewa na redio juu yake. Husema hayo kwa sauti ya chini, bila shaka.

Ni mtu mwema, tena mwema mno. Wako watu wema wanaongoja mpaka uwaombe. Bi Umaima si wa hao. Yeye hukusaidia, utake usitake. Ukohoe asubuhi mbele ya duka lake, jioni waletewa chai ya tangawizi na nasaha za bure. Kuze ndiko alikozaliwa, Kuze akaolewa, Kuze akalea watoto, na akipelekwa Nyali kutembea hulalamika kwamba barabara za huko hazina watu wa kuamkiana nao. Kisukari kilipomshika, alikipokea kama mpangaji mkorofi: hakikukaribishwa, lakini maadamu kimeingia, kitafuata sheria za nyumba. Dawa alimeza, wali akapunguza, kaimati tamu akaacha. Haya, karibu aliacha.

Mkabala na duka, orofa ya juu, akaa shoga yake, Bi Sheikha. Umaima ni Bohora, wa asili ya Kihindi, na Sheikha ni Mswahili wa papa hapa, lakini wamekuwa wamoja tangu walipokaa dawati moja skuli. Na katika mji mzima, Sheikha peke yake ndiye aliyeweza kumnyamazisha Umaima. Alikuwa akishuka kila alasiri na birika la kahawa, akajibwaga juu ya kigoda cha dukani, akaanza. Mteja akichagua lesi ya kijani, Sheikha humuuliza kama harusi ni ya binadamu au ya kasuku. Umaima akitia chumvi katika hadithi, Sheikha humkatiza, "Punguza, shoga, wengine tuna presha." Watu wakicheka mpaka mlangoni. Wengine nyuzi hawakuwa na haja nazo, walikuja kusikiliza tu.

Kisha kisukari, ambacho na yeye alikuwa nacho, kikamwendea mguuni. Kidonda kilikataa kupona, madaktari wakaukata mguu chini ya goti. Operesheni ilikwenda salama, mshono ukafunga vizuri, na wanawe wakashukuru. Lakini Sheikha hakushuka tena. Dirisha lilikuwa nusu wazi, nusu limefungwa. Umaima akiita kutoka chini, "Sheikha! Waonaje hali?" jawabu lilikuwa moja tu: "Alhamdulillahi." Akimpandishia mchuzi wa samaki, Sheikha alikula matonge mawili, akasema "Alhamdulillahi," akageukia ukutani. Hakuna utani, hakuna matusi, hakuna kasuku. Bi Umaima alikuwa akishuka zile ngazi za mbao akijipangusa machozi kwa upindo wa rida, kisha akaingia dukani na kujitia hamnazo mbele ya wateja. Duniani alikuwa akitaka kitu kimoja tu: shoga yake arudi.

Sasa, Bi Umaima ana kitinda mimba, Tahseen, aliyesomea mambo ya akili za watu, na mama mtu husema hivyo kwa fahari kana kwamba ndiye aliyefanya mitihani. Tahseen afanya kazi na Daktari Janet, mwanamke wa bara akaaye mtaa wa Buxton, na wawili hao walikuwa wakitunga hojaji. Usiku mmoja mezani Tahseen akaeleza.

"Tazama, Mama. Kuna huzuni ya kupita, na kuna ile inayomkalia mtu ikawa maradhi, twaiita sonona. Ipo hojaji ya kuipima. Huuliza: wachoka? Wakosa usingizi? Huna hamu ya chakula? Lakini mgonjwa wa kisukari achoka kwa sababu ya sukari, na usiku aamshwa na haja ndogo. Ukimhesabia yote hayo kuwa ni sonona, wagonjwa wote wataonekana wanayo. Ukiyatupa yote, yule aliye nayo kweli atatupita hivi hivi. Kwa hivyo twatunga maswali mapya, ya wagonjwa hasa, na twayajaribu hapa kwetu. Daktari Janet ndiye atakayehoji, maana mimi hapa wanijua, watanionea haya."

"Sheikha pia mtamhoji?"

"Ikiwa mwenyewe ataridhia. Na yule atakayeonekana—"

Tahseen alitaka kusema kwamba yule atakayeonekana anayo sonona ataletewa mshauri mpaka nyumbani, na daktari, na dawa zikihitajika. Lakini mamake alikwishainuka kutafuta simu. Kichwani mwake yalikuwa yamebaki maneno mawili: daktari wa bara, na hapa kwetu.

Lo! Kwani alilala? Kabla ya juma kwisha hapakuwa na mgonjwa wa kisukari kutoka Kuze hadi mwisho wa Mji wa Kale ambaye hakupata mawaidha ya Bi Umaima. Aliwapata dukani, aliwapata kliniki kwenye foleni, aliwapata kwenye simu.

"Huyo daktari ni mgeni," aliwaambia. "Akikuuliza hali, jibu kama ulivyolelewa. Mshukuru Mungu. Msije mkamwaga ya matumboni mbele ya mgeni, akaondoka akasema watu wa Kuze wana wazimu. Na mwanangu ndiye aliyeyatunga hayo maswali. Mkimtaja, mtajeni kwa wema."

Watu wakamwelewa vizuri sana. Wala hakuwa amewafundisha jipya. Kwetu ukiulizwa hali, hata kama umelazwa na mipira puani, shukrani ndiyo ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Umaima aliipigia mstari tu. Akampandia na Sheikha pia.

"Daktari atakuja. Mjibu uzuri, shoga, mtoto wetu asiaibike."

"Sawa," Sheikha akasema, akageukia ukutani.

Daktari Janet akahoji wote, hata Bi Umaima mwenyewe, bila kujua kwamba ndiye mama mtu. Kisha siku moja akamwita Tahseen mbele ya kompyuta, akaegemea kiti, akavua miwani.

"Hebu nisaidie," akasema. "Watu hawa wamekatwa vidole. Wengine macho yanafifia. Nawauliza, je, umewahi kujisikia huna raha? Hapana kabisa. Umewahi kukata tamaa? Hapana kabisa, Alhamdulillahi. Mzee mmoja alinijibu hapana kabisa huku analia, nikampa kitambaa, akasema hapana kabisa mara ya pili. Ukiamini majibu haya, hakuna mahali penye furaha duniani kushinda kliniki yetu."

Tahseen akasoma, na kila aliposoma uso ulimpanda moto. Pembeni mwa majibu Daktari Janet alikuwa ameandika yale waliyoyaongeza wenyewe. Tahseen ni msichana mwenye adabu. Tahseen apandishwe cheo. Mmoja alisema maswali ni mazuri mno, hakuwahi kuulizwa maswali matamu kama yale.

"Daktari," Tahseen akasema polepole, "nafikiri namjua mtu aliyepita hapa kabla yetu."

Jioni ile aliingia nyumbani na hakuvua hata viatu. "Mama!"

Bi Umaima aliijua *Mama* ya namna ile. Kwanza alikana. Kisha akakiri kidogo. Kisha akaona haina haja ya kujificha, akatoa kifua. "Sasa si mmefurahi? Wote wazima! Mimi nimekosa nini?"

"Mama, yule anayeonekana anayo sonona, huletewa msaada. Mshauri huja mpaka nyumbani kwake. Daktari humwona. Hiyo ndiyo kazi ya maswali. Anayejibu kwamba hana neno, hakuna wa kumwendea, tutamwendea kwa lipi?"

"Basi hao wasemao hawana neno—"

"Siwezi kukwambia nani kajibu nini, hiyo ni siri ya mgonjwa. Lakini wewe fikiri mwenyewe, ulimwambia nani aseme nini."

Bi Umaima akafikiri. Akaiona ile orofa ya juu, na dirisha nusu wazi, na lile "sawa" la Sheikha. Akakaa kitako, kimya. Kimya kikazidi, mpaka Bwana Ghulam akatoka chumbani na gazeti mkononi kuja kutazama kumetokea nini.

"Ghulam," akasema mkewe, "nimemfungia mlango shoga yangu kwa mkono wangu mwenyewe." Akalia kilio cha kweli, si kile cha kwenye harusi.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kliniki. "Sabalkheri, Daktari. Umeamkaje? Nyumbani Buxton hawajambo? Watoto? Na wazee huko bara?" Alimaliza salamu zote, maana hata mkosaji ana adabu zake, kisha akajitaja. "Mimi ndiye mamake Tahseen. Mimi ndiye niliyewafunza. Usimwadhibu mtoto."

Daktari Janet akamtazama. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Tahseen, keti. Wewe hukuwafunza, umewakumbusha tu. Kosa ni letu pia. Mamangu mzazi ni mtu wa kanisa. Jumapili mtu husimama mbele ya watu, na hata kama nyumba imemuungulia jana, kwanza atamsifu Mungu, atataja mema yote aliyotendewa. Akishamaliza, hapo ndipo husema, sasa niombeeni, nina shida hii na hii. Hujawahi kumwona aliyeanza na shida. Sisi tumewarukia watu na shida tangu swali la kwanza. Watajibu nini?"

Alikuwa ameshachukua kalamu. Tahseen alipofika wakakaa pamoja siku ile na siku zilizofuata, wakayapanga maswali upya. Mwanzo wakaweka nafasi ya shukrani: mtu amshukuru Mungu mpaka aridhike, na hakuna wa kumharakisha. Kisha wakaweka ya mwili peke yake: kuchoka, usingizi, chakula. Ndipo yakaja ya moyo, peke yake.

"Na mimi?" Bi Umaima akauliza. "Nishaanza kurekebisha, msijali. Hapo nje kwenye foleni nimewaambia safari hii walie sawasawa."

"Mama!" Tahseen akaruka.

"Mama Tahseen," Daktari Janet akasema, akimshika mkono, "tuna kazi moja ya kukupa, na ni nzito. Usiwaambie chochote."

"Chochote?"

"Chochote."

Nawaambia, mwanamke yule hajawahi kufunga mfungo kama huo. Wagonjwa walipita dukani wakamuuliza, "Bi Umaima, safari hii tujibu vipi?" naye akiwauzia zipu huku amebana midomo mpaka mashavu yanamuuma. Bwana Ghulam alisema zilikuwa siku tulivu kuliko zote katika ndoa yake, na safari hii alisema kwa sauti.

Wengine wote wakaridhia kuhojiwa tena, isipokuwa Sheikha. "Nishajibu," alimwambia Tahseen kwa simu. "Nendeni kwa wenye shida."

Umaima akapanda ngazi. Hakubeba mchuzi wala chochote. Akaketi kitandani karibu na ule mgongo uliogeukia ukuta, na kwa muda mrefu hakusema neno, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

"Umaima?" Sheikha akauliza, bila kugeuka. "Wewe waumwa?"

"Nilikosea," Umaima akasema. "Nilikwambia umjibu uzuri, nikakutia maneno kinywani. Sasa sikwambii useme nini. Nimekatazwa, na hata nisingekatazwa nisingekwambia. Yangu mimi nitakwambia. Nimekukosa, Sheikha. Alasiri nakaa pale, kahawa yapoa, na hakuna wa kunikatiza. Naongea mpaka naichukia sauti yangu."

Katika madrasa ya jirani watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja, wakakosea, wakarudiwa, wakasoma tena.

"Mwambie aje," Sheikha akasema.

Daktari Janet akaja. Kanuni ya hojaji ni kwamba anayehojiwa abaki peke yake na mhoji, hata mume haruhusiwi, hata mama, seuze shoga. Kwa hivyo Bi Umaima akatolewa nje. Akatoka kwa heshima zote, akashuka vidaraja viwili vitatu, akaketi palepale ngazini. Mlango wa Sheikha ni wa kizamani, umevimba, haufungi barabara. Msimlaumu. Hata nyinyi mngeketi.

"Bi Sheikha," ikasikika sauti ya Daktari, "kabla ya maswali, tuanze na shukrani. Sina haraka."

Sheikha akaanza. Alishukuru kwa uhai. Alishukuru kwa wanawe, na kwa paa lisilovuja, na kwa mguu uliobaki. Alishukuru kwa maji baridi. Alishukuru kwa muda mrefu, na Daktari hakumkatiza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Imepokewa. Na lolote utakalosema sasa haliipunguzi hiyo shukrani hata chembe. Nikuulize mwili kwanza. Wachoka?"

"Nachoka. Mguu huo, na sukari. Nishazoea."

"Basi hayo tumeyaweka upande wa mwili. Sasa moyo. Yale uliyokuwa ukiyapenda, hamu nayo imekutoka? Hapana kabisa, siku chache, siku nyingi, au kila siku?"

Umaima ngazini akauma upindo wa rida.

"Kila siku," Sheikha akasema.

"Wajiona mzigo kwa watu wako?"

"Kila siku." Kisha akaongeza, "Nawasikia watu wacheka pale chini dukani, Daktari. Ni hapo tu, ningetema mate yangewafika. Lakini naona kama wacheka ng'ambo, mahali ambapo mimi siendi tena. Kisha naona haya. Mungu amenipa yote haya, nami nalia nini? Basi nasema Alhamdulillahi, nageukia ukutani."

Maswali yakaendelea, na majibu yakatoka, mengine kwa kilio. Umaima alilia pamoja naye bila sauti, na ndani ya kilio kile, ajabu, moyo wake ulikuwa ukimpaa kwa furaha, maana ile ilikuwa sauti ya Sheikha, Sheikha mwenyewe, ambaye yeye hakuwa amemsikia kwa miezi mingi.

"La mwisho," Daktari akasema. "Kuna kitu chochote ambacho bado wakingojea kwa hamu?"

Umaima akashika pumzi.

"Kipo," Sheikha akasema.

"Kipi?"

"Huyo aliyekaa ngazini, anayedhani simsikii anavyopumua."

Daktari Janet hakujizuia, akacheka. Umaima alitaka kucheka na kulia, vyote vikatoka kwa wakati mmoja, na sauti iliyotoka ilimfanya paka wa jirani akimbie. Akaitwa ndani. Akaingia akimwona mtu mmoja tu, haoni kingine, akamkumbatia Sheikha mpaka kanga na rida havikujulikana kipi cha nani. Daktari akamweleza Sheikha, taratibu, kwamba majibu yake yaonyesha sonona, kwamba ni maradhi kama kisukari kilivyo maradhi, kwamba yana tiba, na kwamba mshauri atapanda ngazi hizi juma lijalo.

"Wasikia, Umaima?" Sheikha akasema, akijipangusa uso. "Nina alama nyingi. Wewe ulipohojiwa ulipata ngapi?"

Umaima akatazama dari. "Mimi? Sikumbuki. Nafikiri sufuri."

"Muongo!" Sheikha akasema. "Muongo mkubwa wewe! Umekuja hapa kila siku, washuka wapangusa machozi mpaka kichochoroni, wadhani dirisha halioni? Daktari, huyu naye apimwe upya. Leo. Sasa hivi."

"Itabidi abaki peke yake na mimi," Daktari akasema. "Hiyo ndiyo kanuni."

Chumba kilikuwa kimoja, na mwenye chumba hakuwa amevuka kizingiti chake tangu aliporudishwa kutoka hospitali. Umaima akafungua mdomo aseme basi, si lazima, tutafanya siku nyingine. Kisha akakumbuka kazi aliyopewa, akaufunga.

"Kanuni ni kanuni," Sheikha akasema. Akanyoosha mkono kwenye magongo yaliyoegemezwa pembeni. "Nipeni magongo hayo."

Hawakumwinua, hawakumshika. Aliinuka mwenyewe, akayumba, akatukana kidogo, akaufuata mlango. Wakamsikia nje akipumua kwa nguvu, kisha akiketi, ngazi za mbao zikilia chini yake.

Daktari Janet akageuza karatasi mpya. "Haya, Bi Umaima. Tuanze na shukrani."

Bi Umaima, mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikuwa akiukodolea macho ule mlango na maneno hayaji.

"Sema kweli, Umaima!" ikaja sauti kutoka ngazini. "Mimi nipo hapa nasikia!"